Gereza: Neno Lililozaliwa Kanisani

Katika maneno tuliyoachiwa na Wareno, sijaona lililogeuka maana kama neno gereza. Meza imebaki meza, bendera imebaki bendera, leso na mvinyo vivyo hivyo. Lakini gereza limetokana na igreja, yaani kanisa, na leo hakuna Mswahili anayelisikia akawaza sala. Wapenzi wa lugha, ili tuyaelewe mageuzi hayo hatuna budi kwenda Mombasa, kwenye ngome ambayo Wareno waliipa jina la Yesu.

Ujenzi wake ulianza mwaka 1593, kwa ramani ya Mwitaliano Giovanni Battista Cairati. Ikitazamwa kutoka juu, ina umbo la mtu aliyelala: kichwa, mikono na miguu. Waongozaji wa watalii hulisifu sana umbo hilo. Mimi hunivuta zaidi jambo jingine: ndani ya kuta hizo palikuwa na kanisa. Padri na mzinga walikaa ua mmoja. Kwa mwenyeji aliyetazama kutoka nje, nyumba ya sala na nyumba ya vita zilikuwa kitu kimoja, na jina la moja likahamia kwa nyingine. Kilwa Kisiwani, ngome iliyo ufukweni huitwa Gereza hadi leo. Unguja nako, Waomani waliijenga Ngome Kongwe mahali palipokuwa na kanisa la Wareno, na katika karne ya 19 ikatumika kufungia watu. Kanisa, ngome, kifungo: neno limeyafuata mawe hatua kwa hatua.

Ngome ya Mombasa haikupata utulivu. Mwaka 1631 Yusuf bin Hasan, mwana wa mfalme aliyelelewa Goa na kubatizwa Jerónimo, aliwageukia waliomlea, akamuua kapteni na kuitwaa ngome. Mwaka uliofuata akaiacha, akaenda zake baharini. Kisha ukaja mzingiro wa Waomani, kuanzia Machi 1696 hadi Desemba 1698. Miaka miwili na miezi tisa! Njaa na maradhi viliua wengi zaidi kuliko risasi. Meli ya Kireno Santo António de Tanná, iliyokuja kuwaokoa waliozingirwa, ilizama mbele ya ngome mwaka 1697, na baadhi ya vitu vilivyoopolewa humo vimo katika jumba la makumbusho.

Baadaye wakaja Wamazrui, nasi washairi hapo ndipo penye hazina yetu. Muyaka bin Haji aliishi na kutunga chini ya kivuli cha kuta hizo, wakati Mombasa ikimkatalia Sayyid Said, hadi mji ulipomwangukia mwaka 1837. Wataalamu humsifu Muyaka kwa kulitoa shairi msikitini na kulipeleka sokoni. Ni kweli, ila tusisahau kwamba alilipeleka ngomeni pia, likawa silaha ya kujibizana na maadui wa mji wake. Hunisikitisha kuona mashairi ya siku hizi yanayoitaja ngome hii kama pambo tu, mahali pa upepo mwanana na wapendanao. Waingereza waliifanya gereza kuanzia 1895 hadi 1958. Aliyefungwa mle hakuusifu upepo.

Nilifika huko nikiwa nimekwisha kustaafu, kwa basi kutoka Nassa kupitia Sirari na Nairobi. Kilichonisimamisha kwa muda mrefu ni michoro ya meli ambayo Wareno waliokaa mle waliichora ukutani. Yamkini waliichora kwa kukitamani kile ambacho hakikuwa kikifika.

Ukitoka langoni, usikimbilie hoteli. Ingia Mji wa Kale kwa miguu na uifuate barabara iitwayo Ndia Kuu. Ndia ni njia kwa Kimvita, lahaja ya Muyaka mwenyewe. Msomaji aliyehangaika na faharasa ya diwani yake ataikuta lahaja hiyo imebandikwa kwenye kibao cha mtaa. Mbele kidogo upo Msikiti wa Mandhry, unaosemekana kujengwa mwaka 1570, wenye mnara uliochongoka kama pia. Halafu ipo Bandari ya Kale, ambako majahazi yalingojea pepo za kusi na kaskazi. Milango ya nakshi tazameni wenyewe. Imeshaandikwa vya kutosha.

Wanafunzi wangu waliwahi kuniuliza: Mwalimu, jengo la Mombasa latuhusu nini sisi wa Nassa, ambao maji yetu hayana hata chumvi? Niliwajibu kwa neno ikulu. Makazi ya mtemi wa Wasukuma na Wanyamwezi yametoa jina la makazi ya Rais wa Jamhuri, na watu wa pwani hulitamka bila kuuliza lilikotoka. Maneno ya pwani nayo yamekuja kwetu kwa mtindo huo huo. Jioni, mwaloni hapa Nassa, wavuvi wakisubiri giza ili watoke kwenda kuvua dagaa, hucheza karata. Karata yenyewe ni ya Wareno, na turufu, na kopa, na shupaza. Nimewasikia wakigombania turufu kwa Kisukuma, na aliyeshindwa akatishiwa gereza kwa kuiba kadi.