Waliotoka Ushirikani: Upande Usioadhimishwa wa Uamsho wa Arua

Mwaka 2018 ilitimia miaka 100 tangu wamisionari wa Africa Inland Mission wafike Mvara, Arua, kaskazini magharibi mwa Uganda, na kama ilivyo kawaida ya maadhimisho, walioingia kanisani ndio walio rahisi kukumbukwa, ilhali waliotoka wangali wakisubiri mwandishi.

Uamsho, yaani vuguvugu la Wakristo waliookoka ambao huungama dhambi hadharani na "kutembea nuruni" bila kufichana jambo, ulianzia Gahini, Rwanda, ukafika Arua mwishoni mwa miaka ya 1940 kupitia Lubulwa, tabibu kutoka Buganda. Hapo ndipo ugomvi mkubwa ulipozuka, kwa maana wamisionari waliofundisha kwamba mtu sharti azaliwe upya walijikuta wakiambiwa na wanafunzi wao wenyewe kuwa wao bado hawajaokoka sawasawa, huku baadhi ya wanauamsho wakihubiri kwa vipaza sauti hadi wakaitwa Wapiga Baragumu, na hatimaye wakajitenga. Katika mabishano hayo kila upande ulipima wokovu wa mwenzake, wala hakuna aliyemuuliza mtu aliyechoka kupimwa.

Mtu huyo alipoteza mengi, kwani ushirika wa waliookoka ulikuwa ndugu, mshenga na baraza la usuluhishi, na aliyeuacha alisemwa kuwa "amerudi nyuma", akatumiwa wazee wa kumnasihi ambao dawa yao ilikuwa moja tu, toba. Huo haukuwa unasihi, kwa sababu mnasihi humsikiliza mtu bila kumchagulia mwisho wa safari. Nchini Marekani, mwanasaikolojia Marlene Winell, binti wa wamisionari, alichapisha mwaka 1993 kitabu kuhusu watu wa namna hii, na mwaka 2011 akayapa jina majeraha yao, yakiwemo hofu ya jehanamu isiyokoma hata imani ikiisha, na upweke.

West Nile, eneo ambamo Arua imo, imeujua unasihi kupitia vita, hasa baada ya 2016, wakimbizi wa Sudan Kusini walipomiminika kupitia mpaka wa Oraba. Katika makazi ya wakimbizi ya Rhino, utafiti uliowahusisha wanawake 694 ulionyesha kuwa vikao vitano vya kundi, vyenye mafunzo yaliyorekodiwa kwa Kiarabu cha Juba na kuongozwa na watu wasio wataalamu, hupunguza msongo wa mawazo. Kisingizio kwamba unasihi hauwezekani kwa uhaba wa madaktari, basi, hakitoshi: vikao kama hivyo vinaweza kufanyika hata Koboko, humo humo West Nile, kwa waliotoka ushirikani, ilimradi anayeviongoza asiwe ametumwa kuwarudisha.