Nyumba ya Picha ya London na Namna ya Kuizuru

Kijana mmoja niliyemfundisha zamani amepata nafasi ya kwenda kusoma London. Ameniandikia akisema, "Mwalimu, nataka kuiona ile nyumba ya picha iitwayo National Gallery; lakini nasikia mna picha zaidi ya 2,000, nami nitakuwa na saa mbili tu. Nifanyeje?" Jibu langu nimelitoa katika tarihi ya nyumba yenyewe, nami naona si vibaya nanyi mkilisikia.

Mwaka 1824 Bunge la Uingereza lilinunua picha 38 kwa paundi 57,000. Zilikuwa za tajiri mmoja, John Julius Angerstein, aliyefariki mwaka uliotangulia. Zamani zile picha za mafundi wakubwa zilikaa katika majumba ya wafalme na mabwana, na mtu wa kawaida hakuziona ila kwa hisani yao. Hizi zikawekwa wazi kwa watu wote, kwanza katika nyumba ya Angerstein mwenyewe, kisha, mwaka 1838, katika jumba jipya la Trafalgar Square. Hapo ni katikati ya mji: matajiri wa upande wa magharibi waliweza kufika kwa magari yao, na maskini wa mashariki kwa miguu.

Nao wakafika. Mwaka 1850 mtunzaji wa picha, Thomas Uwins, aliwaeleza wajumbe wa Bunge jinsi alivyowakuta watu wa shamba wamevuta viti, wamekaa pamoja, wamefungua vikapu vya chakula. Alipowaambia kwamba haifai, hawakukasirika, walimkaribisha! Nacheka kila nikiikumbuka habari hii, maana ndivyo jamaa zangu wangalivyofanya. Lakini shauri lenyewe halikuwa la kuchekesha. Moshi wa mji na vumbi la watu vilizichafua picha, na wakubwa wengine walitaka zihamishwe mbali, penye hewa safi. Tume ikalifikiri neno hilo, na mwaka 1857 ikakata kwamba zibaki pale pale. Kwa maoni yangu ilikata vema. Picha iliyowekwa mahali asipofika mtu wa kazi, itamfaa nani?

Vita vilipokaribia, Agosti 1939, picha zilitolewa London, na tangu 1941 zikafichwa ndani ya mlima, katika machimbo ya mawe ya Manod, huko Wales. Jumba likabaki kuta tupu, na mabomu yakalipiga. Hata hivyo watu waliomba warudishiwe japo kidogo. Basi tangu 1942 picha moja ililetwa kila mwezi, ikatundikwa mchana, na usiku ikashushwa chini mahali pa salama. Ya kwanza kutoka machimboni ilikuwa kazi ya Titian, Mwitalia, iliyochorwa yapata mwaka 1514. Yaonyesha Mariamu Magdalene amepiga magoti mbele ya Yesu aliyefufuka, naye Yesu ameshika jembe, kwa kuwa Mariamu alimdhania kuwa mtunza bustani. Watu wa mji uliovunjwa-vunjwa walikuja kuitazama picha hiyo moja, wakaona imewatosha.

Basi nimemwandikia kijana wangu asikimbie chumba hata chumba kama mtu aliyepotelewa na mbuzi. Achague picha tatu au nne kabla ya kutoka nyumbani, aandike majina yake, na akifika awaulize walinzi ziko wapi, maana picha huhamishwa. Kiingilio hakuna. Milango hufunguliwa saa 4 asubuhi, hufungwa saa 12 jioni, na Ijumaa saa 3 usiku. Ila tarehe 24 hata 26 Desemba, na 1 Januari, haifunguliwi kabisa. Asichukue mzigo mkubwa, na chakula chake akile nje.

Ya Titian ingali pale. Nimemtaka akae mbele yake nusu saa nzima, kisha aniandikie kama jembe lile limefanana na haya yetu.