Kwa nini karate ilienea pwani na kirumbizi kikabaki harusini

Anayetoka Bagamoyo mjini kwa barabara ya Msata hupita Kiwangwa, kata inayosifika kwa mananasi, kabla ya kuifikia barabara kuu ya Chalinze na Segera. Kijana wa huko akiulizwa watu hujifunza wapi kujilinda, yaelekea atataja karate. Si ajabu, kwani karate imekuwa na walimu na wanafunzi katika nchi hii tangu miaka ya 1970. Ajabu ni kwamba pwani hii ya Waswahili ilikuwa na mchezo wake wa kupigana na kukinga muda mrefu kabla ya hapo, na haukuenea kwa namna hiyo. Wengi husema ni mapenzi yetu ya vitu vya kigeni. Sababu hiyo haitoshi. Karate ilienea kwa kuwa ilifika ikiwa imeshapangwa kama somo la shule: kila pigo lina jina, kila jina lina daraja lake, na kila daraja lina mtihani. Mchezo wetu haukuwahi kupangwa hivyo.

Mchezo huo ni kirumbizi, unaojulikana hasa Lamu, Mombasa na Pemba. Ngoma na zumari hulia, watu hufanya duara, na wanaume wawili huingia uwanjani na fimbo zao. Hawavamiani ovyo. Mmoja hupima kwanza, fimbo hugusa fimbo, hatua hufuata mdundo, kisha linakuja pigo la kweli ambalo mwenzake lazima alikinge au alikwepe. Akichoka mmoja, mwingine huingia. Ndani ya mchezo huo kuna mafunzo kamili: kupima umbali, kusoma bega la adui, kukinga na kujibu kwa tendo moja. Lakini mwanafunzi huyapata kwa kutazama na kuthubutu, na darasa lake ni harusi au sherehe ya Maulidi. Sherehe zikipungua, darasa nalo limepungua. Mzee hodari akifariki, hakuna daftari linaloonyesha alianza kufundisha nini na akamalizia nini.

Karate nayo ilikuwa hivyo hivyo. Huko Okinawa, Japani, ilifundishwa kwa siri, mwalimu mmoja na wanafunzi wachache, hadi Anko Itosu alipoanza kuiingiza shuleni mwanzoni mwa karne ya 20. Aliona kuwa mitindo ya kale ni migumu kwa watoto, akatunga mifululizo mitano mifupi iitwayo Pinan. Kabla yake, Jigoro Kano, aliyeanzisha judo mjini Tokyo mwaka 1882, alikuwa ameanza kutoa madaraja kwa wanafunzi wake. Mwaka 1895 mitupo ya judo ikapangwa katika makundi matano, na mwaka 1920 ikasahihishwa ikawa 40, minane kila kundi. Chojun Miyagi, mwanzilishi wa mtindo wa Goju-ryu, alitunga Gekisai mwaka 1940 kwa nia ya kuwafikia watu wengi zaidi. Mwanafunzi mpya huanza hapo: anageuka kushoto, anainua mkono kukinga uso, anasogea na kupiga ngumi, kisha anarudi nyuma huku ameshusha kiuno na kufagia pigo la chini. Ni matendo machache, lakini yanaweza kufundishwa kwa watoto 40 kwa wakati mmoja.

Karate iliyofika Dar es Salaam ndiyo hiyo iliyokwisha kupangwa. Nantambu Camara Bomani, Mmarekani mweusi, alifundisha Goju-ryu katika dojo, yaani ukumbi wa mazoezi, ya Zanaki, na chuo chake kikajulikana kama Hekalu la Kujilinda. Wakati ulimfaa, kwani Mwongozo wa TANU wa 1971 ulikuwa umehimiza wananchi wafunzwe kulilinda taifa lao, na habari za mgambo zilikuwa midomoni mwa watu. Wapo watakaosema kwamba kazi yote ilifanywa na sinema za Bruce Lee. Ni kweli zilijaza kumbi na kuwatia vijana hamu. Lakini zile zilikuwa sinema za kung fu ya Kichina, ilhali katika dojo ya Zanaki vijana walihesabu kwa Kijapani na kufuata mafunzo ya Okinawa. Sinema ilimfikisha kijana mlangoni. Kilichombakisha ndani kwa miaka ni kujua kwamba baada ya zoezi hili kuna lile, na baada ya mkanda huu kuna ule.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba mpangilio huua ustadi. Mkabaji wa vichochoroni hafuati mfululizo wa Pinan, na mcheza kirumbizi hukabili mtu hai asiyetabirika. Hoja hii ina uzito. Hata majina yenyewe si amana ya milele: Gichin Funakoshi aliziita Pinan kwa jina la Heian, akabadilisha nafasi za ya kwanza na ya pili, hivyo mtindo mmoja huanza na zoezi ambalo mwingine huliita la pili. Hata hivyo walimu bado wanaelewana, kwa sababu kuna kitu cha kulinganisha na kubishania. Tena mpangilio si lazima uwe mrefu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013 uliwafuatilia wasichana wa sekondari katika mitaa ya mabanda ya Nairobi waliopewa vipindi sita vya saa mbili mbili. Walianza na sauti, kukataa kwa uthabiti na kumzuga mshambuliaji, kisha mapigo machache. Baada ya miezi kumi, kiwango cha kushambuliwa kingono kwa mwaka kilishuka kutoka asilimia 24.6 hadi 9.2, na kwa wasiofunzwa kikabaki karibu palepale. Kilichowasaidia ni mafunzo mafupi yenye mwanzo na mwisho unaojulikana.

Wengine wanahofu kwamba kirumbizi kikiwekewa mtaala kitageuka maonyesho ya watalii. Jibu liko Bagamoyo. Chuo cha Sanaa, kilichoanzishwa mwaka 1981 na sasa kikiitwa TaSUBa, hufundisha ngoma za makabila mbalimbali kwa wanafunzi wasiozaliwa nazo, na ngoma hizo hazikufa vijijini kwa sababu ya darasa hilo. Fimbo nayo inastahili nafasi hiyo. Walimu wa TaSUBa wakae na mafundi wa kirumbizi wa Pemba na Lamu, waandike pigo baada ya pigo kwa majina ambayo mafundi wenyewe watakubaliana, wapange lipi litangulie na lipi lifuate, kisha wapeleke somo hilo katika shule za Bagamoyo, za Kiwangwa zikiwamo. Kazi hii ianze mafundi wakiwa hai, kwa maana Itosu na Miyagi waliweza kupanga yale tu waliyoyapokea kutoka mikononi mwa walimu wao.