Kuba za Nyasi Magharibi mwa Ziwa

Kuanzia Kaniha wilayani Biharamulo hadi milima ya Ngara, mapaa ya siku hizi ni ya bati, yenye pembe nne. Kabla ya bati kuenea, na kabla ya vijiji vya ujamaa vya miaka ya 1970 kupanga nyumba kwa mistari, nyumba ya heshima katika nchi za magharibi mwa Ziwa Viktoria ilikuwa msonge, ambao Wahaya huuita mushonge. Ilikuwa nyumba ya duara iliyoezekwa kutoka kileleni hadi chini, hata usione ukuta unaishia wapi na paa linaanzia wapi.

Kwa haki, hiyo ni kuba. Lakini neno hilo sisi tumelizoea misikitini, na anayeandika historia ya kuba Afrika Mashariki huelekea pwani moja kwa moja.

Pwani inastahili sifa zake. Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani ulianza karne ya 11, ukapanuliwa mapema karne ya 14 zama za Sultani al-Hasan bin Sulaiman, aliyempokea Ibn Battuta mwaka 1331. Karne iliyofuata sehemu kubwa ilijengwa upya, kuba na matao yakipokezana juu ya nguzo za pembe nane. Mafundi waliweka kalibu ya mbao, wakamwaga juu yake chokaa na vipande vya matumbawe, wakaacha vigande, ndipo wakaondoa mbao.

Kuba hazifanani. Kuba ya nusu duara kamili ina kimo kilicho sawa na nusu ya upana wake. Ikipungua hapo, tunaweza kuiita kuba bapa, na hapo ndipo kazi ngumu huanzia: kadiri inavyolala, ndivyo inavyozidi kusukuma kuta zake nje. Wajenzi wa Hagia Sophia, Istanbul, waliliona hilo kwa uchungu. Kuba yao ya kwanza, yenye upana wa mita 31 hivi, ilikamilika mwaka 537. Mwaka 558, baada ya matetemeko ya ardhi, ilianguka. Isidorus Mdogo aliijenga tena akiinua kimo chake kwa mita kadhaa, kupunguza msukumo.

Sasa tazama Kasubi, Kampala. Muzibu Azaala Mpanga, jumba alilojenga Mutesa wa Kwanza, Kabaka (mfalme) wa Buganda, mwaka 1882 na ambalo miaka miwili baadaye likawa kaburi lake, lina upana wa mita 31 kwa nje, na ndani kimo chake ni mita 7.5 tu. Upana ni uleule wa Hagia Sophia, bila jiwe hata moja kwenye paa. Hapo mwanzo uzito ulibebwa na nguzo za miti; ndani ya paa zimo pete 52 za nyasi na makuti, ziitwazo ebizizi, kwa hesabu ya koo 52 za Baganda. Kuezeka ni haki ya ukoo wa Ngeye. Jumba liliungua Machi 16, 2010, na kwa kuwa ujuzi ulikuwa bado mikononi mwa watu, liliweza kusimamishwa tena.

Nyasi zina sharti lake: mteremko ukiwa mdogo, maji hutuama na paa huoza. Kwa hiyo katika nchi ya mvua nyingi kama Kagera msonge ulichongoka juu. Aliyetaka nyumba pana na paa la chini alihitaji nyasi nene mno na mafundi wa kuzitunza kila mara. Ndiyo maana ukubwa wa namna hiyo ulikuwa wa wafalme.

Umbo lenyewe lilirudi Ngara kwa njia ya huzuni. Mwishoni mwa Aprili 1994 wakimbizi wa Rwanda wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo, mpakani, kwa muda wa siku moja hivi. Katika kambi ya Benaco walipinda fito, wakazifunga, wakatandaza juu yake maturubai ya plastiki: kuba za chini, za kujisitiri tu.

Kasubi kila pete ina ukoo wake na kazi ya kuezeka ina wenyewe. Walimu na maofisa utamaduni wa Ngara na Biharamulo wawaendee wazee waliowahi kuezeka msonge, waandike majina ya fito, pete, vifungo na nguzo kwa Kisubi, Kihangaza na Kihaya, wachore na vipimo. Kazi hiyo ianze sasa, wazee hao wangali hai.