Aliyemleta Wakili

Novemba 1951 serikali ya kikoloni iliwatoa kwa nguvu Wameru wapatao 3,000 kwenye ardhi yao ya Engare Nanyuki, kaskazini mwa Mlima Meru, ili mahali pao wakae walowezi wa Kizungu na ng'ombe wao. Nyumba zilichomwa. Mwaka uliofuata Kirilo Japhet alisimama mbele ya Umoja wa Mataifa, New York, akaeleza yaliyotokea, na tangu hapo jina lake halikosekani panaposimuliwa habari za kudai uhuru. Jina la mtu aliyemsaidia kuzijenga hoja zile husikika kwa nadra. Aliitwa Earle Seaton, alikuwa wakili mwenye ofisi Moshi, na kwao kulikuwa Bermuda.

Bermuda ni visiwa vidogo katika bahari ya Atlantiki. Mtu mweusi wa huko alifikaje kufanya uwakili chini ya Kilimanjaro? Jibu ni la kisheria kabla halijawa la kishujaa. Bermuda ilikuwa koloni la Uingereza, Tanganyika ilitawaliwa na Uingereza, na uwakili uliopatikana Uingereza ulifungua milango ya mahakama huku na huku. Himaya ilijichongea njia hiyo kwa ajili ya watu wake, na Seaton akapita humo humo. Dudley Thompson wa Jamaika alipita humo pia. Naye alifanya uwakili Tanganyika, kisha akawa miongoni mwa mawakili waliomtetea Jomo Kenyatta katika kesi ya Kapenguria iliyoanza mwishoni mwa 1952, pamoja na D. N. Pritt kutoka Uingereza, H. O. Davies kutoka Nigeria na Chaman Lall kutoka India.

Wameru walichanga fedha wenyewe. Hilo ndilo ninalolirudia kila nikisoma habari za kesi hii. Mwenye ng'ombe na mwenye migomba walitoa walichonacho ili mtu wa Bermuda awasemee. Walishindwa: mwisho wa 1952 azimio la kuwaunga mkono lilikosa theluthi mbili ya kura katika Baraza Kuu. Lakini hakukuwa na shaka wakili yule ni wa nani.

Hoja zao zilianzia kwenye Baraza la Udhamini, kwa sababu Tanganyika ya wakati ule ilikuwa nchi ya udhamini. Kiswahili kimetupa neno moja kwa mambo mengi hapa. Anayemtoa ndugu yake mahabusu ni mdhamini. Anayeshika mali ya kanisa au msikiti kwa niaba ya waumini ni mdhamini. Na kijana aliyepata kazi nje ya nchi, ukimuuliza habari ya viza, atakujibu kwamba kampuni imekubali kumdhamini. Mimi ni mwanasheria wa kampuni, nafanya kazi Arusha, na neno hilo hupita mezani kwangu karibu kila wiki.

Uhuru ulipokuja mwaka 1961, nchi ilikuwa na wanasheria Waafrika wa kuhesabika kwa vidole. Mwanasheria Mkuu wa kwanza wa Tanganyika huru alikuwa Mwingereza, Roland Brown, hadi Mark Bomani aliposhika nafasi hiyo mwaka 1965. Mwaka huohuo Philip Telford Georges, mzaliwa wa Dominica aliyekuwa jaji Trinidad, akawa Jaji Mkuu, na alikaa hadi 1971 alipompisha Augustine Saidi. Seaton mwenyewe alikuja kuwa jaji wa Mahakama Kuu ya Tanzania, na baadaye Jaji Mkuu wa Shelisheli. Huku hayo yakiendelea, dawa ilikuwa inachemshwa polepole: Oktoba 1961, katika jengo la TANU Mtaa wa Lumumba, Dar es Salaam, chuo kikuu kilianza na kitivo kimoja tu, cha sheria, na wanafunzi 14. Walimu wengi walitoka nje. Yaani nchi nzima ilikuwa na mpango wa urithishaji kabla maneno hayo hayajaandikwa kwenye fomu yoyote.

Siku hizi yameandikwa. Sheria ya kuratibu ajira za wageni ya mwaka 2015 inamtaka mwajiri anayeomba kibali cha kazi cha mgeni aonyeshe kwamba alimtafuta Mtanzania akamkosa, na aeleze jinsi ujuzi wa mgeni utakavyohamia kwa mwenyeji. Nimewahi kuujaza mpango huo kwa mkono wangu, katika kampuni niliyofanyia kazi zamani. Mwanasheria wetu mkuu alitoka nje, na kwenye nafasi ya mrithi niliandika jina langu. Kibali kilikuwa cha miezi 24. Kilipokwisha tukaomba kingine, na nafasi ya mrithi nikaandika tena jina langu.

Alikuwa mtu mzuri na mjuzi, nisimseme vibaya. Wakati mmoja uliletwa mkataba wa ardhi ambao kijiji upande wa pili hakikuwa na mwanasheria, na kipengele cha fidia kilikuwa kimeandikwa kwa namna ambayo mzee asiyejua Kiingereza asingeweza kuiona hata akisomewa mara tatu. Tulikiona sote wawili. Mimi nikaandika maoni yangu, nikaambiwa nisubiri. Yeye alikaa na lile faili siku mbili, kisha akaja mezani kwangu akasema, "Kibali changu kinaisha Machi." Hakuongeza neno. Mkataba ulisainiwa kama ulivyokuwa.

Vijana wa sheria huniuliza kama kazi ya kuwa mwanasheria wa kampuni ni jambo jipya lililokuja na benki na kampuni za simu. Hapana. Baada ya Azimio la Arusha la 1967 viwanda, benki na mashamba makubwa yaliingia mikononi mwa umma, na mteja mkubwa kuliko wote akawa shirika. Mwaka 1970 serikali iliunda Shirika la Sheria, maarufu kwa herufi TLC, kazi yake ikiwa kuyashauri na kuyasimamia mashirika hayo kisheria. Ndipo walipoanza kuzoeleka wanasheria wasio na milango ya kugongwa na wananchi: mteja ni mmoja, naye ndiye analipa mshahara. Hata lugha ikatofautisha. Mtu wa namna hiyo watu humwita mwanasheria wa shirika, na neno wakili wanamwachia yule anayeonekana mahakamani akiwa na joho.

Kwetu sisi wa Mbulu na Hanang jambo hili lina kaburi lake. Kutoka kijijini kwangu, Endagikot, ukielekea kusini kwa barabara ya Dongobesh na Haydom, baridi inakuachia, mashamba madogo ya mahindi na maharage yanapungua, na mwishowe unafika nyanda za Basotu. Huko ndiko Shirika la Taifa la Kilimo na Chakula, NAFCO, lilikolima ngano kwa msaada wa Kanada: mashamba saba, kila moja takribani ekari 10,000, katika malisho ya Wabarabaig. Matrekta yalitoka Kanada, wataalamu walitoka Kanada. Wabarabaig walikuwepo tayari.

Halmashauri ya Kijiji cha Mulbadaw na watu wengine 67 walikwenda Mahakama Kuu, Arusha, kulishtaki shirika. Walishinda. Shirika likakata rufaa, na mwaka 1985 Mahakama ya Rufani ikaligeuza lile jambo. Kuhusu kijiji, ilisema kwamba kuwa na mamlaka ya utawala juu ya eneo si kumiliki ardhi yake, na hapakuwa na uthibitisho kwamba kijiji kiligawiwa ardhi ile kwa utaratibu wa sheria. Kuhusu wanakijiji, ilisema ili mtu adai ardhi kwa mila lazima athibitishe kwamba ni mwenyeji kwa maana ya sheria ya ardhi, ile iliyotungwa na wakoloni mwaka 1923, na hapakuwa na ushahidi kwamba walalamikaji wote ni wenyeji.

Nilipousoma uamuzi huo mara ya kwanza nikiwa chuoni nilisimama nikatembea kidogo. Kwa mantiki ya sheria naufahamu: anayedai ndiye anayethibitisha, na upande wa wanakijiji haukuleta shahidi wa kutosha juu ya jambo ambalo pengine hakuna aliyefikiri kwamba lingehitaji shahidi. Lakini tazama nani ana karatasi katika kisa hiki. Mtaalamu aliyetoka Kanada ana pasipoti, viza na barua ya mwajiri. Shirika lina hati. Mfugaji aliyezikwa babu yake palepale ndiye anayeulizwa kama ni wa hapa. Wakati Wameru wanakwenda Umoja wa Mataifa, kila mtu alijua mgeni ni nani. Wakoloni walipigwa na hoja hiyo hiyo. Miaka 30 na kitu baadaye, katika nchi huru, hoja ya ugeni ilimwangukia mwenye ng'ombe.

(Watu wa Mbulu, kwa jumla, hawapendi kuletewa. Katika uchaguzi wa 1960 TANU ilipata viti 70 kati ya 71, na hicho kimoja kilichoiponyoka kilikuwa chetu: Herman Sarwatt, mgombea binafsi, alimshinda Chifu Amri Dodo aliyepitishwa na chama. Wazee wa Endagikot bado wanalisimulia kana kwamba lilitokea juzi.)

Mwaka huu mpwa wangu amepata kazi Uingereza. Ni wakili, amepita Shule ya Sheria kwa Vitendo, ile iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2007, na kwa miaka minne amekuwa mwanasheria wa kampuni Dar es Salaam. Huko hataingia mahakamani. Katika Uingereza kazi za kisheria zilizofungiwa wenye leseni ni chache, na kutoa ushauri tu si mojawapo, kwa hiyo kampuni inaweza kumchukua mwanasheria aliyesomea kwingine na kumkalisha ofisini bila kumrudisha darasani. Marekani alijaribu pia. Viza ya wataalamu kule ina nafasi 85,000 kwa mwaka kwa dunia nzima, na waombaji wakizidi majina huchezeshwa bahati nasibu. Bahati haikumfikia.

Alinitumia mkataba wake niusome. Nilianza na mshahara, kwa sababu tangu Julai 2025 kiwango cha chini cha jumla kwa viza hiyo ni pauni 41,700 kwa mwaka, nao ulipita kidogo. Kisha nikaenda kwenye jambo lenyewe. Mwajiri lazima awe na leseni ya kudhamini, ndiye anayetoa cheti cha udhamini, na kazi hiyo ikikatika, kwa kawaida mfanyakazi anapewa siku 60 apate mdhamini mwingine au aondoke. Nilimpigia simu.

"Mama mdogo, hizo siku 60 ni nyingi," akasema. "Watu wanapata kazi ndani ya mwezi."

"Siku 60 si za kutafutia kazi," nikamwambia. "Ni za kukufanya usiseme kitu mwezi wa kwanza."

Akacheka. Nikamsimulia habari ya Machi, ambayo sikuwahi kumsimulia. Hakucheka tena, ila aliuliza swali la kiwakili: je, mimi niliyekuwa Mtanzania, nisiye na kibali cha kuisha, nilisema nini siku ile baada ya kuambiwa nisubiri? Nikamjibu kwamba maoni yangu yamo kwenye faili, kwa maandishi, yana tarehe. Akasema sawa, naye atakuwa anaandika. Tukaishia hapo, kila mmoja akijua faili ni kitu gani.

Simzuii kwenda. Mwenye kipaji cha sheria kutoka nyanda zetu ana haki ya kwenda mbali kama Seaton alivyokuwa nayo ya kuja mbali. Ninachotaka ajue ni tofauti ya njia zao. Seaton, alipokuwa akiwatetea Wameru, hakuna mteja wake aliyeweza kumfukuza nchini kwa kumwachisha kazi. Mpwa wangu mteja wake ndiye ameshika mlango.

Kabla ya yote ilibidi abadilishe pasipoti, na huko tukakwama kwenye cheti cha kuzaliwa cha mzazi. Dada yangu, mama yake, alizaliwa nyumbani na hakuwahi kuandikishwa. Ikabidi mama yetu aape. Nilikwenda Endagikot Ijumaa, Jumamosi asubuhi nikamchukua hadi Mbulu mjini kwa wakili mmoja kijana. Kiapo kilikuwa cha ukurasa mmoja: kwamba yeye ni mkazi wa Endagikot, kwamba alimzaa fulani mahali hapo, kwamba wote ni wenyeji na raia. Kwa kuwa hasomi, chini yake paliongezwa kwamba amesomewa kwa Kiiraqw na ameelewa. Nikamsomea mimi, nikitafsiri mstari kwa mstari.

Alisikiliza hadi mwisho. Akataka kujua kama yule wakili ana wazazi Mbulu, kijana akasema hapana, yeye ni wa Bukoba, ana mwaka mmoja tu hapa.

"Sasa yeye ndiye atakayesema mimi ni wa hapa?"

Kijana akainamisha kichwa akicheka, akamsogezea kidau cha wino. Mama akachovya dole gumba.