Gauni Lililovaliwa Mara Moja: Nguo, Thamani na Umilki katika Uuzaji wa Magauni ya Arusi Rohero, Bujumbura

1.0 Utangulizi

Makala haya yanajadili jambo linaloonekana dogo: mwanamke wa Rohero anapouza gauni jeupe la mbunifu mwenye jina, alilolivaa siku moja tu. Biashara ya nguo zilizokwisha kuvaliwa imezoeleka kutazamwa kama kimbilio la wasio na uwezo. Gauni la arusi linaivuruga taswira hiyo, kwani muuzaji wake si lazima awe maskini, wala mnunuzi hatafuti kitu cha bei ya kutupa. Hoja yetu ni kwamba mauzo haya hueleweka vyema yakiwekwa ndani ya historia ndefu ya nguo kama mali katika ukanda wa Ziwa Tanganyika.

2.0 Nguo kama Akiba

Kabla ya kuenea kwa pamba ya viwandani, Warundi walivaa ngozi na magome ya miti yaliyopondwa. Katika karne ya 19, misafara iliyopitia Unyanyembe hadi Ujiji ilileta merikani, yaani bafta iliyofumwa Marekani, pamoja na kaniki. Nguo hizo zilipimwa kwa mikono na doti. Wapagazi walilipwa kwazo, na hongo ikatolewa kwazo. Zilifaa kuwa fedha kwa sababu zilitoka mbali, hazikuweza kutengenezwa papo hapo, na zilihifadhika. Sifa hizi tatu tutakutana nazo tena.

3.0 Gauni Jeupe na Mji

Gauni jeupe si desturi ya kale hata huko Ulaya. Lilipata umaarufu baada ya Malkia Victoria wa Uingereza kuolewa akiwa amevaa jeupe tarehe 10 Februari 1840. Burundi lilifika pamoja na kanisa na mji wa kikoloni. Usumbura, iliyokuja kuitwa Bujumbura, ilikuwa kituo cha kijeshi cha Wajerumani kabla ya kutwaliwa na Wabelgiji mwaka 1916. Waafrika walitengewa mitaa kama Buyenzi na Bwiza, ilhali makazi ya wenye uwezo yalikuwa kwingine. Rohero ya leo ingali na sura ya mtaa wa watu wenye nafasi.

Sheria nayo iliipa arusi uzito. Kanuni ya Watu na Familia ya tarehe 28 Aprili 1993 iliitambua ndoa iliyofungwa mbele ya afisa wa serikali, na mwaka 2017 serikali iliwaagiza waliokuwa wakiishi pamoja bila ndoa wahalalishe uhusiano wao kabla ya mwaka kwisha. Kwa hiyo bibi arusi huweza kupitia hafla kadhaa: ya mahari, iitwayo inkwano, ya serikalini na ya kanisani. Imvutano, vazi la heshima la mwanamke wa Kirundi, huvaliwa tena katika arusi za ndugu na jamaa. Gauni jeupe halina siku ya pili. Ndiyo maana katika sanduku la nguo za arusi, hilo ndilo hutangulia kutafutiwa mnunuzi.

4.0 Thamani na Mwenye Mali

Mwezi Februari 2020, Benki ya Jamhuri ya Burundi ilifunga maduka ya kubadilisha fedha, na mwezi Mei 2023 ikashusha thamani ya faranga. Aliyetaka kuagiza gauni jipya kutoka Ulaya alihitaji fedha za kigeni ambazo hazikupatikana kwa urahisi. Gauni lililokwisha kuingia nchini likapata hadhi ya merikani ya kale: limetoka mbali, halitengenezeki papo hapo, nalo huhifadhika. Doa la mvinyo au upindo uliochanika hushusha bei. Jina la mbunifu lililoshonwa ndani huipandisha.

Lakini bei hiyo ni ya nani? Ardhi, kwa desturi, hurithiwa na watoto wa kiume, na muswada wa sheria ya mirathi umejadiliwa kwa miaka mingi bila kupitishwa. Inkwano hukabidhiwa wazazi wa binti. Gauni huweza kununuliwa na bwana arusi, na wazazi, au kwa michango ya jamaa. Anayeliuza anadai, bila kutamka, kwamba ni lake. Shangazi anayesema kuuza gauni ni kuuza baraka huenda anatetea utakatifu wa ndoa. Huenda pia anatetea haki ya ukoo juu ya kilichotolewa na ukoo.

5.0 Hitimisho

Gauni la Rohero linatufundisha kwamba mtumba na akiba si vitu viwili vinavyopingana. Mwanahistoria anayehesabu ng'ombe na mashamba pekee ataiona mali ya wanaume. Akitaka kuiona ya wanawake, hana budi kufungua sanduku la nguo na kuuliza nani aliruhusiwa kuuza kilichomo.