Boma na Mlango Wake

Ndugu zangu tuliosoma pamoja, nanyi wanafunzi mlioko madarasani,

Sisi tuliokulia Sapiwi twalijua boma la minyaa: nyumba ndani ni nyingi, lakini mgeni hupiga hodi penye mlango mmoja. Nililisahau jambo hilo nilipopewa kazi ya kutunza kompyuta ya chama chetu, ile iwapelekeayo wanachama ujumbe wa simu kuhusu mikutano na misiba.

Zamani ujumbe wa intaneti kutoka ofisi moja ya Dar es Salaam kwenda kwa jirani uliweza kupitia satelaiti hadi ng'ambo, ndipo urudi. Mwaka 2004 makutano ya TIX yalianza kazi Dar es Salaam, makampuni yakabadilishana mizigo hapa hapa nchini. Mwaka 2009 ukafika waya wa baharini wa SEACOM. Hapo kutunza mtambo wako mwenyewe kukawa jambo la kuwezekana.

Mwaka 2004 vilevile Mrusi Igor Sysoev alitoa Nginx, programu ifanyayo kazi ya bawabu: hupokea wageni, kisha huwapeleka ndani panapohusika. Mwaka 2013 ikatokea Docker, ifungayo programu na vifaa vyake vyote ndani ya kontena. Jina ni la makontena ya meli, ambayo Malcom McLean aliyasafirisha huko Marekani mwaka 1956.

Mimi niliiweka programu yetu katika kontena, nikaifungulia njia bila bawabu. Nilidhani kinga ya kompyuta ingezuia wageni. Kumbe Docker huandika kanuni zake yenyewe na kuipita kinga hiyo. Siku chache baadaye nikakuta wasiojulikana wakijaribu nywila mamia kwa mamia. Ndani mlikuwa na namba za simu za wenzetu wote, na majina ya wajane tunaowasaidia. Hawakufanikiwa kuingia, lakini usiku ule sikulala.

Nilirekebisha hivi: kontena sasa husikiliza 127.0.0.1 tu, yaani ndani ya kompyuta yenyewe. Nginx peke yake husimama nje, penye mlango namba 443, ikiwa na cheti cha Let's Encrypt, shirika ambalo tangu 2015 hutoa vyeti bila malipo.

Vijana, jifunzeni kazi hii, mtupokee. Ila kabla ya kuwasha mtambo, uzungukeni kwanza mkahesabu milango yake.

Ndimi mwenzenu.